Berea: chuo cha Kentucky ambacho hakijatoza ada tangu 1892

SWALI: "Habari za kazi, mtaalamu. Binti yangu yuko kidato cha sita, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia). Mwalimu wake amemwonyesha chuo kiitwacho Berea, kiko jimbo la Kentucky, Marekani, naye ameanza kujaza maombi. Wanasema ada hakuna, ila kila mwanafunzi lazima afanye kazi. Mjomba wake amekataa katakata. Anasema Marekani hakuna cha bure, watoto wanakwenda kufanyishwa kazi, na tena hiyo ni koleji tu, si chuo kikuu. Nimesikia pia kina historia ndefu na watu weusi. Naomba unieleze ni chuo cha namna gani, na hiyo ada anailipa nani." (Mama, Morogoro)

JIBU: Salama, mama, na pole kwa mvutano wa nyumbani. Nianze na la mjomba. Berea ni chuo halali, kina ithibati, na kinatoa shahada ya kwanza ya miaka minne. Hakina shahada za uzamili wala uzamivu, ndiyo maana hakijiiti chuo kikuu. Marekani vyuo vya aina hii vimejaa: vidogo, vya binafsi, wanafunzi elfu moja au mbili, profesa anafundisha mwenyewe na anamjua mwanafunzi kwa jina. Mwanafunzi hafungwi kwenye fani moja tangu siku ya kwanza. Wa biolojia atasoma historia na fasihi, wa historia atasoma sayansi, kisha ndipo abobee. Wangari Maathai alisoma biolojia kwenye chuo cha namna hiyo, Mount St. Scholastica, cha masista Wabenediktini mjini Atchison, Kansas, akamaliza mwaka 1964. Eduardo Mondlane, aliyeiongoza FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, akiwa Dar es Salaam mpaka alipouawa kwa bomu mwaka 1969, alipata shahada yake ya kwanza mwaka 1953 katika chuo cha Oberlin, Ohio. Wote wawili waliendelea mpaka uzamivu. Kwa hiyo hilo la "koleji tu" mwambie mjomba alitoe kwenye orodha.

La pili, kwamba Marekani hakuna cha bure, ana haki ya kulisema. Jibu lake limo ndani ya historia ya chuo chenyewe, na inabidi turudi nyuma sana.

John Gregg Fee alizaliwa Kentucky mwaka 1816 kwenye familia iliyomiliki watumwa. Akaenda kusomea uchungaji Cincinnati, ng'ambo ya mto Ohio, akarudi nyumbani akiwa adui wa utumwa. Baba yake akamkana. Miaka ya 1850 akapata mwenzake wa ajabu kidogo: Cassius Marcellus Clay, mwanasiasa na bwana shamba aliyewaacha huru watumwa aliowarithi, mtu wa ugomvi, hakosi kisu kirefu kiunoni. (Bondia Muhammad Ali, mzaliwa wa Louisville katika jimbo hilohilo, alizaliwa akiitwa Cassius Marcellus Clay kama baba yake, na baba yake alipewa jina la huyu bwana.) Clay akampa Fee kiwanja chini ya vilima, pale nyanda za malisho ya farasi zinapokutana na milima ya Appalachia. Fee akapaita Berea, jina lililotoka katika Matendo ya Mitume sura ya 17. Kwenye Biblia ya Kiswahili utalikuta limeandikwa Beroya. Mwaka 1855 ikaanza shule ya chumba kimoja, na Jumapili ilikuwa kanisa.

Sura hiyohiyo ndiyo iliyotoa kaulimbiu ya chuo hadi leo: Mungu amewafanya watu wote wa dunia kwa damu moja. Ukiisikia leo utaona ni maneno ya kawaida ya kanisani. Kentucky ya mwaka 1855 ilikuwa jimbo la utumwa, na maneno hayo yalitosha kukuletea watu na kamba. Hata Clay yalimshinda. Yeye alitaka utumwa uondolewe polepole kwa njia ya sheria. Fee akasema sheria inayoruhusu utumwa si sheria mbele za Mungu, haina haja ya kutiiwa. Wakagombana hadharani mwaka 1856, na Fee akabaki bila mlinzi.

Mwaka 1859 mambo yakaharibika. Oktoba ile John Brown, mzungu aliyepinga utumwa, alivamia ghala la silaha la Harpers Ferry ili awape watumwa silaha, na hofu ikatanda Kusini kote, kwenye majimbo ya utumwa. Fee wakati huo alikuwa mashariki akichangisha fedha za chuo. Kwenye kanisa moja la Brooklyn akasema wanahitajika akina John Brown wengi zaidi, si kwa njia yake ya vita bali kwa moyo wake wa kujitoa. Magazeti ya nyumbani yakachukua nusu ya kwanza ya sentensi. Desemba, wanaume wenye silaha wakaingia Berea wakiwa juu ya farasi, wakawapa walimu na familia zao siku kumi za kuondoka. Wakaondoka, katikati ya majira ya baridi.

Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Fee alifanya kazi kambi ya Camp Nelson, humohumo Kentucky, ambako maelfu ya watu weusi walijiandikisha jeshini ili wapate uhuru wao. Aliwafundisha kusoma, na baadhi yao akawaalika waje kuhamia Berea na familia zao. Sasa angalia kalenda. Tangazo la Rais Lincoln la mwaka 1863 la kuwaacha huru watumwa halikuigusa Kentucky, kwa kuwa jimbo hilo halikujitenga na Marekani. Utumwa ulikoma huko Desemba 1865 tu, katiba ilipobadilishwa. Mwanzoni mwa 1866 watoto weusi walikuwa tayari wanaingia darasani Berea. Baadhi ya wanafunzi weupe wakainuka wakatoka. Shule haikuwabembeleza. Mwaka wa masomo wa 1866-67 ulikuwa na wanafunzi 187: weusi 96, weupe 91.

Mama, mimi nikifundisha historia ya elimu hapa ndipo ninapokaa zaidi, maana huko Kusini hapakuwa na kitu kama hicho. Rais wa kwanza wa chuo, Edward Henry Fairchild, alitoka Oberlin, chuo kilekile alichokuja kusoma Mondlane baadaye. Oberlin ilikuwa imeanza kupokea weusi tangu 1835 na wanawake kwenye shahada tangu 1837. Berea ikafuata nyayo hizo na kwenda mbele zaidi. Mwaka 1872 wadhamini walipitisha azimio kwamba kijana mweusi na binti mweupe, au kinyume chake, wasizuiwe kuwa wachumba. Miaka hiyohiyo Julia Britton, dada mweusi, alikuwa mwalimu wa muziki, na kati ya wanafunzi wake walikuwamo weupe. Hata leo wako watu ambao habari hiyo ingewatoa jasho.

Lakini usije ukadhani nakusimulia habari za malaika. Mwaka 1892 akaja rais mpya, William Goodell Frost, naye pia wa Oberlin. Alikuwa fundi wa kuchangisha fedha. Akagundua kwamba matajiri wa New York na Boston wamechoka kusikia habari za watu weusi, ila ukiwasimulia kuhusu weupe maskini wa milimani, wenye kusuka nguo kwa mkono na kuimba nyimbo za babu zao wa Uingereza na Scotland, mifuko inafunguka. Akaenda na upepo huo. Wanafunzi weupe wakaongezeka haraka, weusi wakapungua kwa uwiano, na wahitimu weusi wakalalamika kwa maandishi kwamba wanasukumwa pembeni. Binafsi naona walikuwa na haki. Frost alijenga majengo mengi, na gharama ya baadhi yake ilikuwa msimamo wa Fee.

Aliyepita mlangoni katika miaka hiyo ni Carter G. Woodson, mtoto wa watu waliozaliwa utumwani, aliyekuwa amechimba makaa ya mawe huko West Virginia kabla ya kupata sekondari. Akahitimu Berea mwaka 1903, akaja kupata uzamivu wa historia Harvard mwaka 1912, na mwaka 1926 akaanzisha wiki ya historia ya watu weusi, ambayo leo imekuwa mwezi mzima wa Februari. Alihitimu wakati mzuri, maana mwaka uliofuata mlango ulifungwa.

Mwaka 1904 mbunge mmoja wa jimbo, Carl Day, alipeleka muswada unaokataza shule yoyote kufundisha weupe na weusi pamoja. Sheria haikuitaja Berea kwa jina. Haikuwa na haja, kwa sababu Kentucky nzima ni chuo kimoja tu kilichokuwa kikifanya hivyo. Faini ilikuwa dola 1,000, na hata ukitaka kufungua tawi la rangi nyingine, liwe umbali wa maili 25 au zaidi. Chuo kikaenda mahakamani mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, kikashindwa mwaka 1908. Majaji walisema chuo ni kampuni iliyosajiliwa na jimbo, na jimbo lina uwezo wa kukiwekea masharti. Jaji John Marshall Harlan, mwana wa Kentucky na aliyekuwa amepinga peke yake hukumu ya kuruhusu ubaguzi wa kwenye treni mwaka 1896, akapinga tena. Aliuliza kama sasa serikali itaweza pia kuwazuia weupe na weusi wasisali pamoja.

Berea ikawalipia wanafunzi wake weusi wakamalizie vyuo vingine, kisha ikachangisha fedha za kujenga shule ya weusi karibu na Louisville, Lincoln Institute, iliyofunguliwa 1912. Yenyewe ikabaki ya weupe watupu kwa zaidi ya miaka arobaini. Sheria ilipolegezwa mwaka 1950 ikafungua mlango mara moja, na Machi 1965 kundi la wanafunzi na walimu wake, weusi na weupe, lilikuwamo kwenye maandamano ya Martin Luther King kuingia Montgomery, Alabama, ingawa uongozi wa chuo haukuwaunga mkono. Mwandishi bell hooks, mwanamke mweusi mzaliwa wa Kentucky, aliyejulikana dunia nzima, alihamia kufundisha hapo mwaka 2004 na akafia mjini Berea Desemba 2021.

Sasa tuje kwenye pesa.

Tangu 1892 Berea haijamtoza mwanafunzi ada ya masomo. Chuo kinaishi kwa wakfu, yaani fedha za wafadhili zilizowekezwa, ambazo hazitumiwi zenyewe bali faida yake. Uamuzi uliojenga wakfu huo ni wa kihasibu, hauna mbwembwe hata kidogo: mwaka 1920 wadhamini walipanga kwamba kila urithi ulioachwa kwa chuo bila masharti uingie kwenye wakfu, usiliwe. Mjane anafariki Ohio, anaacha nyumba. Inauzwa, fedha zinaingia. Fanya hivyo miaka mia. Leo wakfu umepita dola bilioni moja, kwa chuo cha wanafunzi kama 1,500 hivi. Kongresi ya Marekani ilipoweka kodi kwenye mapato ya wakfu wa vyuo tajiri mwaka 2017, Berea ingekumbwa pamoja na akina Harvard. Mwanzoni mwa 2018 sheria ikarekebishwa ili kodi iviguse tu vyuo vyenye wanafunzi wasiopungua 500 wanaolipa ada. Berea haina hata mmoja, ikapona. Kwa hiyo anayemlipia binti yako ada ni mlolongo wa marehemu na faida ya fedha zao. Pamoja nao wapo wafadhili walio hai, na ruzuku za serikali kwa wanafunzi Wamarekani wasio na uwezo.

Na sharti la kuingia limegeuzwa juu chini: mwenye nacho hapokelewi. Mzazi anaonyesha kipato chake, na kipato kikizidi kiwango, mtoto anaelekezwa kwingine hata awe na alama nzuri namna gani. Wengi wanatoka Kentucky na milima ya Appalachia, eneo la migodi ya makaa ya mawe iliyokufa na kuacha watu bila ajira.

Kuhusu kazi, nadhani wewe na mjomba mmeshapata picha ya kwetu. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikuwa na nia njema, lakini sote tuliopita shuleni tunajua ilivyoishia sehemu nyingi: aliyechelewa namba anapewa ngwe ya kulima, mahindi ya shamba la shule hajulikani aliyeyala. Kazi ikawa jina lingine la adhabu. Berea kila mwanafunzi anafanya kazi, wote, saa zisizopungua kumi kwa wiki, na analipwa. Malipo ni madogo, tusidanganyane, ni ya sabuni, vocha na vitabu. Ila kazi ina msimamizi, ina tathmini ya maandishi, na ina rekodi yake mbali na matokeo ya darasani, ambayo mwajiri anaweza kuisoma. Ukizembea kazini unaweza kuondolewa chuoni kama aliyefeli masomo.

Mwaka wa kwanza hachagui. Anaweza kupangiwa jikoni, usafi wa mabweni, shamba la chuo lenye ng'ombe na nguruwe, au hoteli ya Boone Tavern, ambayo chuo kinaimiliki tangu 1909 na ambako wahudumu wengi ni wanafunzi. (Huko wanaleta mezani kitu kama ugali uliopigwa mayai na maziwa ukaokwa, unachotwa kwa kijiko. Ukiwa mla ugali utaelewana nacho upesi.) Mwaka wa pili na kuendelea anaomba anakotaka: maabara, maktaba, ofisi ya kompyuta, au karakana. Karakana ya fagio ipo tangu 1920. Wanatumia mabua ya aina ya mtama unaolimwa kwa ajili ya fagio tu: kijana anayalowesha ili yasivunjike, anayapanga kuzunguka mpini, anayakaza kwa waya huku mpini ukizunguka kwenye mashine ya zamani, kisha fagio linabanwa liwe bapa na kushonwa safu kwa safu. Fagio hizo zinauzwa, na si bei ya Kariakoo. Anayezishona asubuhi anaweza kuwa mwanafunzi wa kemia jioni.

Vyuo vingine vya kazi vipo Marekani, kama Alice Lloyd humohumo Kentucky, Blackburn huko Illinois na College of the Ozarks huko Missouri. Wala kwa mgeni sheria haivunjwi: mwenye viza ya mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. La hatari ni kazi za nje ya chuo bila kibali. Hilo mkanye binti mapema, maana mashangazi wa mitandaoni watamshauri vingine.

Tabia ya mahali penyewe: mji mdogo, tulivu mno kwa msichana aliyezoea pilikapilika za Msamvu. Chuo ni cha Kikristo kisicho na dhehebu, na hakimlazimishi mtu imani, Waislamu wapo. Kila mwanafunzi anapewa kompyuta mpakato. Oktoba kuna siku ya mlima, desturi ya tangu karne ya 19: masomo yanasimama, na wengine wanaamka usiku kupanda vilima vya Pinnacles wakaone jua likichomoza. Wahitimu wakikutana uzeeni hiyo ndiyo wanayoikumbuka kwanza.

Ya kufanya sasa. Nafasi za wageni wa nje ya Marekani ni chache, kama thelathini kwa mwaka kutoka dunia nzima, kwa hiyo apeleke maombi na wakati huohuo asifunge milango mingine. Anayepokelewa hugharimiwa mwaka wa kwanza masomo, malazi na chakula. Miaka inayofuata chuo humtarajia aweke akiba kidogo kutokana na kazi za likizo. Nauli ya ndege, ada ya viza na ile ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kumbukumbu za wanafunzi wa kigeni), dola 350, jihesabieni nyie. Maombi yanafanyika kwenye tovuti ya chuo chenyewe, inayoishia na berea.edu. Ukipigiwa simu na mtu anayejiita wakala wa Berea Tanzania na anataka "pesa ya usumbufu", kata simu. Akipokelewa, pitieni TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, mpate cheti cha kutokuwa na pingamizi kabla hajaondoka, ili akirudi na shahada isimletee usumbufu wa kutambuliwa.

Jambo moja mwalimu huenda hakuligusa. Binti ni wa PCB, na kwetu PCB maana yake nyumba nzima inasubiri daktari. Berea hakuna shahada ya udaktari; uuguzi upo. Marekani udaktari unasomwa baada ya shahada ya kwanza, miaka minne mingine, na vyuo vya udaktari vinavyompokea mgeni ni vichache, vinavyomfadhili ni vichache zaidi. Hapo ndipo ile habari ya bure inapokoma, na madeni yake ni ya mamia ya maelfu ya dola. Akitaka kuwa mtafiti wa biolojia, mkemia, mwalimu, mtu wa kompyuta, au bado hajajua anachotaka, Berea ni mahali pazuri kweli. Akiwa anataka koti jeupe na kifaa cha kusikilizia moyo, Muhimbili anaupata udaktari kwa miaka mitano na mwaka wa mafunzo kazini. Kaa naye jioni moja bila mjomba kuwepo, umuulize ni lipi, kisha ndipo mmalizie kujaza hiyo fomu.